Chumba cha Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 8 Oktoba 2012. Lodwar

Miezi mitatu na siku nne tangu nitoke nyumbani Kimilili. Leo tumemwaga linta, boriti ya zege juu ya madirisha, upande wa mashariki. Tulianza saa kumi na moja alfajiri, kwa taa ya pikipiki, kwa sababu jua likishapanda zege linakauka kabla halijashika. Saa tano tukaacha. Saa kumi tukarudi kumwagilia. Ndivyo siku zinavyokwenda hapa.

Mikono imepasuka. Mgongo uko vilevile.

Shemeji alipiga simu mchana. Kaka yangu Wekesa, mume wake, tumbo limejaa maji tena. Daktari anasema ni ini. Akaniuliza naja lini. Nikasema kazi ikiisha. Si kazi inayonizuia. Sitaki kwenda. Naliandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kulisema.

Jumamosi, 20 Oktoba. Kakuma

Tumehamishwa. Muda wa karibu saa nne juu ya lori, mimi na mifuko ya simiti. Kazi ni madarasa manne na vyoo ndani ya kambi ya wakimbizi. Tunalala nje ya kambi kwenye stoo ya mabati, watu sita. Vumbi linaingia mdomoni hata ukiufunga.

Vibarua wengi ni Waturkana. Asubuhi wanasema "ejok", nami nasema "ejok", na hapo Kiturkana changu kinaisha. Mmoja wao aliniangalia nikinywa maji akasema, "Fundi, ngozi yako ni ya mvua. Hapa utaanguka kama mbuzi wa mjini." Wakacheka wote. Nilicheka pia. Nilikuwa karibu kuanguka.

Wekesa bado yuko nyumbani. Anakula uji tu.

Alhamisi, 1 Novemba

Leo nimeona kitu ambacho sikutegemea kukiona tena duniani.

Redio yangu ilikufa. Wakati wa jua kali, tulipoacha kazi, niliipeleka kwa Kasongo. Ni Mkongo wa Bukavu, anatengeneza redio na simu ndani ya kambi. Duka lake ni mabati na turubai, jenereta iko nyuma. Kwenye rafu ya juu niliona kompyuta ya zamani, zile zilizokuwa kibodi nene nyeusi tu, unachomeka kwenye televisheni, na redio ya kaseti pembeni. Anasema Mzungu mmoja aliyefanya kazi kambini aliondoka akaacha sanduku zima. Kaseti zilikuwemo, kumi na kitu.

Nilizitazama moja moja. Ya sita au ya saba ilikuwa ile. Kwenye karatasi ya juu kuna nyumba ya ghorofa na mkono wa mwanamke dirishani.

 Nilikaa ghafla juu ya betri ya gari. Kasongo alidhani ni jua, akanimwagia maji ya kunywa kichwani. Maji ya kunywa, Kakuma! Mtu mwema.

Jumapili, 4 Novemba

Niandike kwa utaratibu nisichanganye.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Wekesa kumi na mitano. Mama alikuwa akifua nguo za mwalimu Mzungu wa shule ya misheni. Jumamosi mwalimu alituruhusu kucheza na kompyuta yake. Mchezo tulioupenda ulikuwa huo mmoja. Alituambia umetolewa kwenye filamu ya kutisha. Filamu hatukuiona. Jina lake ni la Kiingereza, sisi tuliuita Mama wa Tangi. Mwanamke alizama kwenye tangi la maji la nyumba yake, sasa anatembea vyumbani akisikiliza. Watoto wawili wamefungiwa humo. Mkubwa ana shati jeupe, mdogo ana la manjano. Wakikanyaga kwa haraka anawasikia. Kwa hiyo mmoja anasimama kimya, mwingine anasogea. Wekesa alikuwa mweupe. Mimi nilikuwa manjano. Kibodi moja, bega kwa bega.

Hatukuumaliza. Jumamosi moja kaseti ilipatikana uani, utepe wote umeng'olewa, unaning'inia kwenye ua wa michongoma. Wekesa alisema ni mimi. Hakusita hata kidogo. Mama alinichapa mbele ya mwalimu. Mwalimu hakumwita mama tena kufua, na karo aliyokuwa akitusaidia ikakatika. Mama aliweza kusomesha mmoja. Wekesa alikuwa anaingia sekondari. Mimi nikaishia darasa la sita.

Yeye ni mwalimu. Mimi nabeba karai.

Miaka ishirini na mitano sijamuuliza. Mtu mzima anaanzia wapi kuuliza habari za kaseti?

Jioni nilimpigia. Nikamwambia nimemwona Mama wa Tangi.  Akacheka, cheko la mgonjwa, lenye kikohozi ndani.

"Utacheza?"

"Nitacheza."

"Basi kila Jumapili uniambie umefika wapi."

Hatujawahi kuwa na jambo la kuongea kila Jumapili.

Jumanne, 13 Novemba

Nakwenda kila siku saa za jua, tukishaacha kazi. Kaseti inachukua dakika nyingi kuingia, na wakati wote inapiga kelele kama bati linalokatwa kwa msumeno. Nilikuwa nimesahau ile sauti. Mwili haukuwa umesahau. 

Tatizo ni joto. Kompyuta inachemka, skrini inajaa mistari, mchezo unapotea, unaanza upya. Hauhifadhi chochote. Leo nimekuja na gunia bichi, kama tunavyofunika zege lisipasuke. Nimelikunja chini ya kibodi, juu ya kipande cha plastiki. Kasongo alishika kichwa. Kisha tukacheza karibu saa nzima bila kuzima.

Kasongo aliiona filamu yenyewe akiwa kijana, kwenye ukumbi wa video. Anasema kuna padri ndani yake. Kwenye mchezo hakuna padri. "Padri alisha kimbia," anasema. "Alikuwa na akili kupita sisi." Yule mwanamke anamwita mama mukwe. Akitokea tu mlangoni, Kasongo anasimama, anavua kofia. "Mama mukwe ameingia. Kaka, salimia, usilete aibu."

Nilicheka mpaka machozi. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Lakini ni kazi ngumu. Sasa naendesha watoto wote wawili. Kila nikimsogeza mmoja, ninamsahau mwingine gizani.

Jumapili, 25 Novemba

Nimefika mahali ambapo mimi na Wekesa hatukufika.

Zamani tulikwama ghorofani. Milango yote tulishaifungua, njia ya kutoka hakuna. Tulikuwa watoto. Hatukujua kujenga. Wiki hii nilianza kupima ile nyumba kwa hatua za yule mtoto. Chini, kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, hatua ishirini na mbili. Juu, ukijumlisha vyumba na ujia, kumi na nane. Ukuta wa nje umenyooka. Haiwezekani. Hatua nne zimekwenda wapi? Kuna chumba nyuma ya ukuta wa mwisho.

Nilimweleza Kasongo kwa kuchora kwenye vumbi. Akasema, "Miaka yote watu wanacheza hii kitu, kumbe walikosa fundi wa simiti."

Jioni nilimwambia Wekesa. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nikasema kuna chumba kimefichwa, kesho nitaanza kuutafuta mlango wake.

Akasema, "Ni kile chenye kitanda cha mtoto?"

  Kabla sijauliza, akasema amekisia tu, nyumba za filamu kama hizo hazikosi kitanda cha mtoto. Akasema amechoka, akakata.

Jumatano, 5 Desemba

Nimepata mlango. Unamsimamisha mweupe kwenye kona, manjano anasukuma ukuta, unafunguka.

Ndani kuna kitanda cha mtoto.

Nilikitazama mpaka kompyuta ikachemka, ikajizima.

Aliwahi kufika humu. Alifika bila mimi. Nakumbuka Jumamosi ile mama alinituma kusaga mahindi, foleni ikawa ndefu, nikarudi mchana nikiwa na unga kichwani. Nilikuta utepe tayari kwenye michongoma; habari ya foleni mama hakuiamini. Alimaliza peke yake, akaung'oa, akanitaja mimi. Siku zote nilidhani kaseti iliharibika kwa bahati mbaya akaogopa. Kumbe alikusudia.

Nimeudhika mpaka meno yanauma.

Jumapili, 9 Desemba

Sikumpigia.

Jumapili, 16 Desemba

Sikumpigia. Nilifua nguo.

Ijumaa, 21 Desemba

Kazi imefungwa kwa Krismasi mpaka tarehe saba. Wenzangu wote wamepanda gari asubuhi. Msimamizi aliniambia, "Simiyu, nenda ukamwone ndugu yako. Stoo haitatembea." Nikamwambia lazima mtu abaki kumwagilia sakafu ya darasa la nne. Ni kweli sakafu inahitaji maji siku saba. Ni kweli pia kwamba kibarua yeyote angeweza kuimwagilia.

Shemeji alisema Wekesa amelazwa. Nikasema pole. Nilisema kama ninavyomwambia mtu wa dukani.

Jumanne, 25 Desemba

Kanisa la Wakongo liliimba tangu asubuhi, ngoma zinasikika mpaka huku stoo. Kasongo alinialika. Wali na samaki mkavu. Mke wake aliniita shemeji, akanijazia sahani mara mbili, akasema mwanamume anayekula Krismasi kwa watu ana neno moyoni. Nikasema sina. "Haya," akasema, "basi kula."

Saa tisa simu ililia. Jina la Wekesa. Niliishika mkononi, nikaiangalia ikitetemeka mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza.

Hakupiga mara ya tatu.

Nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilitaka aumie kidogo.

Jumatano, 2 Januari 2013

Nimemaliza.

Kutoka chumba cha nyuma kuna tundu chini ya kitanda. Kazi ilikuwa kuwafikisha wote wawili pale bila mwanamke kusikia. Siku ishirini na nane nimejaribu. Nikimfikisha mweupe, manjano ananaswa kwenye ngazi. Nikimtanguliza manjano, mweupe anabaki nje ya ukuta. Leo niliwasogeza hatua moja moja, huyu, yule, huyu, yule, kama watu wanaobeba ubao mrefu. Kasongo alizima redio zote za dukani. Wateja wawili wa Kisomali waliokuja kuchaji simu walisimama mlangoni wakitazama.

Wakafika. Wote wawili mbele ya tundu. Mwanamke yuko kwenye ngazi anapanda.

Maandishi yakatokea. Kiingereza changu ni cha mifuko ya simiti, nikasoma polepole. Tundu ni dogo. Atatoka mmoja. Moja kwa mweupe, mbili kwa manjano.

Nikasoma tena. Nikatafuta njia nyingine. Hakuna kibonye kingine kinachofanya kazi.

Kasongo akasema, "Bonyeza ile ya kwako, kaka. Mutu anajitoa kwanza." Alisema akicheka. Kisha hakucheka. Kasongo alivuka ziwa peke yake wakati wa vita. Hajawahi kuniambia aliacha nani.

Nilikaa na vidole juu ya kibodi. Nilimwona Wekesa, miaka kumi na mitano, kwenye kiti cha mwalimu, mimi niko kwenye foleni ya kusaga. Maneno hayohayo mbele yake. Sijui alibonyeza nini. Hapana, najua. Angebonyeza mbili angeningoja mlangoni anionyeshe. Angejisifu mwaka mzima. Mtu aliyebonyeza mbili hang'oi utepe.

Aliona haya. Akataka nisione. Alipoulizwa, akaogopa, akanitaja. Mambo mengine yote yalifuata kutoka hapo, na hakuna mtu aliyeyapanga. Mtoto mwenye shati la shule, ameshika utepe mkononi.

Nilibonyeza moja.

Mweupe akaingia kwenye tundu. Upande wa pili ni majani na mbingu ya samawati, muziki kidogo kama wa kengele ya baiskeli. Manjano akabaki amesimama kando ya kitanda. Skrini ikawa nyeusi. Kisha nyumba ikatokea tena, tayari kuanza upya.

Hakuna zaidi ya hapo. Wale Wasomali wakaondoka. Mmoja alinigusa bega.

Kasongo hakuwepo. Alikuwa nyuma, amekaa karibu na jenereta, anafuta kitu ambacho hakikuwa kichafu.

Alhamisi, 3 Januari

Nilipiga saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji akapokea. Nikamwomba nizungumze na Wekesa. Akasema haongei tangu juzi. Macho ni ya manjano, anapumua tu.

Nikasema weka simu sikioni mwake.

Nilisikia pumzi. Ndefu, kama mtu anayevuta mzigo. Nilikuwa nimepanga maneno usiku, yote yakapotea. Nikasema, "Wekesa, ni mimi. Nimefika mwisho. Nimeona wanachouliza." Pumzi. "Nimekutoa wewe. Nilibonyeza moja. Nimekutoa." Pumzi.  Nikamwambia nakuja.

Shemeji akarudi kwenye simu. Akaniuliza nimemwambia nini, kwa sababu amefungua macho. Nikasema mambo ya zamani. Kisha akasema:

"Siku ya Krismasi, ulipokosa kupokea, aliniambia nikikupata nikwambie alikuwa mtoto. Basi. Alikuwa mtoto. Mimi sikuelewa, nikadhani ni homa, sikukupigia."

Nikamwambia nimeelewa.

Nilikwenda kutafuta gari. La leo limejaa, la kesho limejaa, watu wanarudi kutoka sikukuu. Nimepata nafasi ya Jumatatu. Nimelipa. Ningetoka tarehe ishirini na moja ningekuwa nimekaa naye karibu wiki mbili sasa.

Jumamosi, 5 Januari

Wekesa amefariki leo saa nne asubuhi.

Nilikuwa namwagilia sakafu. Shemeji hakulia kwenye simu. Alisema tu, "Simiyu, kaka yako ametuacha," kama mtu anayesoma tangazo. Nikaendelea kumwagilia mpaka pipa likaisha. Sakafu haikuhitaji maji. Siku saba zilishapita zamani.

Nilikuwa na wiki tano za kumpigia simu. Nilikuwa na Krismasi. Simu ilikuwa mkononi. Sina wa kumlaumu, na nimejaribu kumtafuta.

Mama hayupo, afadhali asione.

Kasongo alikuja jioni na mke wake na watu watano wa kanisa lao. Walikaa chini, kwenye simiti, hawakutaka viti. Waliomba kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili nisikie. Mke wa Kasongo alipika chai kwa jiko langu. Aliosha na sufuria zote, hata zile ambazo hazikutumika.

Jumapili, 6 Januari

Kuna upepo. Nimepanga nguo mbili, viatu vya kazi, mwiko wa kujengea na uzi wa kunyooshea ukuta. Wazee nyumbani wamesema wachimbaji watachimba, lakini ukuta wa kaburi unaningoja mimi. Ndivyo walivyoamua. Shemeji ameshanunua simiti. Ameniuliza kama mchanga wa mtoni unafaa. Nimemwambia unafaa, auchekeche tu.

Watoto wake watatu nimewaona mara chache. Mkubwa anaingia sekondari mwaka huu. Nimewaza njia nzima ya kwenda na kurudi dukani jinsi nitakavyomsalimia.

Msimamizi amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Kibarua mmoja wa Kiturkana atalala stoo. Nimemwonyesha pipa na ufunguo. Akanishika mkono kwa muda, hakufanya mzaha.

Gari linatoka kesho alfajiri. Nitalala Lodwar. Jumanne jioni, barabara ikiwa nzuri, nitakuwa nyumbani.